Valvu Kumi na Sita Kwenye Sinia

Televisheni ile ilikaa sebuleni kwa watu zaidi ya miaka ishirini bila kuonyesha kitu, na mimi ndiye niliyeiwasha. Nalisema hilo kwanza kwa sababu ni kweli. Kwamba niliiwasha peke yangu si kweli, na hilo nalo nitalieleza.

Nilikuwa fundi redio, kibanda changu kikiwa jirani na soko, Dodoma mjini. Shule niliishia darasa la saba. Ufundi nilijifunza kwa kukaa ubavuni mwa fundi mwingine miaka minne, na tangu nilipojitegemea nilikuwa na daftari ambamo niliandika kila nilichofungua: nilikuta nini, nilibadilisha nini, nilikosea wapi. Daftari bado ninalo. Mengi ya haya yamo humo. Yasiyomo nitasema hayamo.

Ilikuwa miaka ya ruksa. Bidhaa zilijaa madukani, vituo binafsi vya televisheni vilikuwa vimeanza, mnara ukawekwa mlimani, na kuanzia mjini mpaka kwetu Nkuhungu watu walisimamisha mabomba ya antena juu ya mabati. Wateja wangu wa redio walianza kuniuliza kama najua televisheni. Nilikuwa nikijibu najua. Za kisasa nilikuwa nimefungua tatu. Za zamani, zile za valvu, yaani zile chupa ndogo za kioo zinazowaka ndani, zilizotumika kabla transista hazijaja, sikuwa nimefungua hata moja. Lakini redio za valvu nilikuwa nimetengeneza nyingi, na niliamini umeme ni ule ule. Mpaka leo naamini hivyo.

Aliyeniita alikuwa mama mmoja mjane, wa zile familia za Waislamu wa mjini ambao babu zao walikuja na misafara ya biashara wakabaki. Marehemu mume wake alikuwa na duka la vitambaa. Serikali ilipotangaza kuwa makao makuu yanahamia Dodoma, mzee yule alifikiri akaona makao makuu hayawezi kukosa televisheni, na itakapokuja, yeye atakuwa ameshajiandaa. Akaenda Nairobi, akanunua iliyotumika, ya mbao, ya miguu minne, akaileta juu ya lori imefunikwa magodoro. Siku aliyoifikisha alijifungia nayo sebuleni, akaiwasha, akatoka akawaambia watu wa nyumbani: "Nzima. Inangoja kituo tu." Hakuna mwingine aliyeiona ikiwaka.

Kituo hakikuja. Makao makuu yenyewe yalikuja kwa mwendo wa kinyonga. Watu wakaanza kumwuliza mzee barabarani, "Leo wamesema nini kwenye kabati?" Baadaye wakasema ameuziwa sanduku tupu Nairobi, la kuwekea vikombe. Aliitwa Mzee Kabati mpaka siku anazikwa. Na mimi nilikuwa miongoni mwa waliocheka. Nilikuwa kijana, nilikuwa nikipita mbele ya duka lake na wenzangu, na siwezi kuandika habari hizi nikajifanya sikuwamo.

Sasa mtoto wake wa kiume, mfanyabiashara wa vitu vya Dubai, alikuwa amemletea mama yake televisheni ya rangi, na ile ya zamani alitaka itoke ili mpya ipate nafasi. Kijana yule hakuwa na ubaya wowote. Sebule ilikuwa ndogo. Mama alimwambia, "Itatoka. Lakini kwanza ifunguliwe, nijue." Kijana akampa wiki moja.

"Ujue nini, mama?" nilimwuliza siku nilipofika.

"Nijue kama baba yao alidanganywa. Au kama alitudanganya sisi, akaona haya kusema. Wewe niambie tu ukweli, fundi. Sitaki unipoze."

Nilimwambia nitamwambia ukweli. Ilikuwa rahisi kusema, maana sikujua bado nitakuta nini.

Nilikuwa na desturi ya kufungua kitu cha mtu mbele yake. Mafundi tulikuwa na sifa mbaya ya kuiba vipuri, kwa hiyo mimi nilifungulia nyumbani kwa mwenye mali, juu ya mkeka wake, yeye akitazama. Nilipotoa ubao wa nyuma nilikuta vumbi jekundu la Dodoma limelala nene kama blanketi, na nyigu wamejenga vinyumba vya udongo kila pembe. Ndani ya ubao kulikuwa na karatasi iliyochorwa mahali pa kila valvu, lakini mchwa walikuwa wameila nusu. Nikachomoa valvu zote, kumi na sita, nikazipanga mkekani vile vile zilivyokuwa zimekaa ndani: ya kushoto kushoto, ya kulia kulia. Mkeka ndio ulikuwa ramani yangu. Katika daftari siku ile niliandika habari za nyigu, za vumbi, za nyaya zilizochunika. Ramani ya valvu sikuiandika, kwa kuwa niliiona pale mbele yangu.

Kisha nikaenda kibandani kuchukua brashi na spiriti. Sidhani kama nilikawia zaidi ya saa moja.

Niliporudi mkeka ulikuwa umekung'utwa, umetundikwa kambani. Valvu zilikuwa juani kwenye sinia, zinametameta kama vikombe vya arusi.

"Mwanangu, vumbi lile ulitaka kulifuta kwa brashi?" alisema mama. "Ungemaliza lini? Nimekuoshea."

"Umeziosha na nini, mama?"

"Maji ya moto na sabuni ya mche. Si kama vioo vya chemli tu? Nimeosha vioo vya chemli tangu nikiwa mwali. Hesabu, hakuna iliyopotea."

Nikahesabu. Kumi na sita. Nikaokota moja, nikaigeuza, nikaokota nyingine. Namba za valvu zile zilikuwa zimeandikwa kwa rangi juu ya kioo, na sabuni ilikuwa imezing'oa zote. Sasa nilikuwa na chupa kumi na sita safi, nyingi zikiwa na miguu tisa tisa, na sikujua hata moja inakwenda wapi.

Mama alinitazama usoni. "Nimeharibu?"

"Hapana. Mimi ndiye sikuandika."

Ndivyo nilivyojibu na ndivyo ilivyokuwa. Mwanamke aliyeosha vioo vya taa maisha yake yote, ukimwachia vioo vyenye vumbi halafu ukaondoka, atafanya nini kingine?

Kwa karatasi iliyosazwa na mchwa, na kwa kuzilinganisha na valvu za redio nilizozijua, nilirudisha sita nikiwa na hakika. Kumi zikabaki. Kesho yake nikapanda baiskeli mpaka Ihumwa, kwa mzee mmoja wa Kigogo aliyestaafu reli, upande wa simu na mitambo. Watu walisema ana valvu, na kweli alikuwa nazo: alizihifadhi ndani ya kibuyu kikubwa, zimefukiwa kwenye punje za uwele zisigongane. Nikamweleza yaliyotokea. Alicheka mpaka akashika ukuta.

"Wewe fundi wa betri tu," aliniambia, "unaandika nyigu, huandiki valvu?"

Hata hivyo alichota valvu chache na uwele wake, akafunga kwenye kitambaa, tukaja naye mjini.

"Mbukwenyi," alisalimia kwa Kigogo mlangoni.

"Mbukwa, baba. Karibu ndani," mama alijibu.

"Niingie bure? Babu zako walipita kwetu na misafara, wakanywa visima vyetu, hongo ya njia hawakumaliza kulipa. Nimekuja kudai."

"Walilipa yote. Ninyi ndio mliowanywesha maji ya chumvi mkayaita matamu."

"Ya chumvi, na bado mlikunywa mpaka mkahamia."

"Kaa ule, mtani, njaa inakusemesha," mama akasema, na akamletea wali.

Baada ya kula mzee alikaa dirishani. Alikuwa akiinua kila valvu kwenye mwanga na kuisoma kwa matumbo yake, yale mabati madogo na vinyuzi vilivyo ndani. Hii ya sauti. Hii ya kupokea kituo. Hizi mbili za kofia za bati juu, usizichanganye. Nilimwuliza kwa nini tusijaribu tu moja moja.

"Zinapokezana umeme kama watu waliojipanga kupokezana ndoo," alisema. "Ukimweka mmoja asiye wa pale, anaangusha ndoo, mnalowana wote. Utaunguza nyingine."

Safari hii niliandika, na kila alipotaja niliandika tena pembeni. Valvu ya tisa aliishika muda mrefu kuliko zote. Kichwani, mahali ambapo nyingine zilikuwa na rangi ya fedha inayong'aa, yenyewe ilikuwa nyeupe kama tone la maziwa.

"Hii imeingiwa na hewa," alisema. "Imekufa." Akaichunguza chini, karibu na miguu, akanionyesha ufa mwembamba kama unywele. Mama alikuwa amesimama mlangoni. Mzee akapekua kitambaa chake, akapata ya aina ile, akaipuliza uwele, akanipa.

Siku mbili zilizofuata nilifanya kazi yangu, na kazi hii naweza kujisifia bila woga. Nilibadilisha kapasita zilizokauka na nyaya zilizochunika. Sikuipa televisheni umeme wote mara moja. Niliunga balbu ya wati mia kwenye njia ya umeme, ili kama kuna mahali pameshikana, balbu iwake kwa nguvu badala ya televisheni kuungua. Balbu iliwaka, ikafifia taratibu, ikabaki na wekundu mdogo. Hapo nilijua nimeipata, ingawa kioo kilikuwa bado cheusi. Kijana wa Dubai alipanda bati mwenyewe akafunga antena. Naandika hili kwa sababu baadaye watu walisema hakutaka ile televisheni iwake. Alipanda yeye, na jua lilikuwa kali.

Jioni yake, kabla ya magharibi, tuliiwasha. Tulikuwa wanne: mama, mwanawe, mzee wa Ihumwa na mimi. Valvu ziliwaka nyuma moja moja. Sauti ilikuja kwanza, ikivuma kama mzinga wa nyuki, na haikupata kuwa nzuri hata baadaye. Kisha katikati ya kioo kikatokea kistari cheupe, kikapanuka, zikaja chenga. Nikageuza kitufe cha kutafutia kituo polepole. Akatokea mtu amekaa mezani, amevaa tai, midomo inacheza. Alikuwa mwembamba kupita kiasi na kichwa kimepinda kidogo. Nikakaza skrubu moja ya nyuma, kichwa kikanyooka.

Mzee alisema, "Mtu huyo." Kijana alichutama karibu kabisa na kioo, akakaa hivyo.

Mama alitazama kwa muda, kisha akaniambia nipunguze sauti.

"Fundi, uliniahidi. Ile iliyokufa. Ilikuja imekufa kutoka Nairobi, au niliiua mimi kwa maji ya moto?"

Nilielewa alichokuwa akiuliza. Valvu ile ikikosekana, kioo hakiwaki. Kama ilikufa zamani, inawezekana marehemu alijifungia na kitu kibovu, akatoka akawaambia ni kizima. Kama ilipasuka siku ile ya sinia, basi alisema kweli, na kwa miaka yote ile ilikuwa ikingoja kituo kama alivyosema.

Ningeweza kumpa jibu alilolitaka. Jambo lenyewe lilikuwa jepesi, na hakuna ambaye angejua. Nilifungua daftari pale pale. Habari za valvu nyeupe hazikuwamo. Nilijiuliza: ningeiona nyeupe nilipoichomoa, nisingeandika? Niliandika hata nyigu. Lakini pia sikuandika ramani, kwa hiyo kutoandika kwangu hakukuwa ushahidi wa kutosha, na valvu zote zilikuwa na vumbi nene.

"Mama, sijui," nilimwambia. "Maji ya moto yanaweza kupasua kioo kile. Pia ingeweza kupasuka kwenye lori. Siwezi kuapa."

Mzee wa Ihumwa aliulizwa naye. Akasema kweli pia: ufa ni ufa, hauna tarehe.

Mama akaigeukia televisheni. Kwenye kioo yule mtu wa tai aliondoka, ikaja ramani ya nchi.

"Basi nitaapa mimi," alisema. "Ile moja, nilipoitumbukiza, nilisikia imelia. Ti. Kama kioo cha chemli kinapopasuka. Nikaogopa kukuambia."

Mwanawe alimtazama. "Mama, mbona hukusema?"

"Nasema sasa. Alileta kitu kizima. Mimi ndiye niliyekivunja."

Sijui kama aliisikia. Nimelifikiria hili mara nyingi, na kila nikitaka kusema alitunga, nakumbuka kwamba mikono iliyokuwa majini ni yake, haikuwa yangu. Katika daftari niliandika: *Valvu moja imepasuka wakati wa kuoshwa, kwa maelezo ya mwenye mali.* Hayo ndiyo niliyokuwa na haki ya kuandika.

Tangu siku ile, televisheni ikiwa bado pale pale sebuleni, mama alikuwa akiwaita majirani, wale wale waliocheka habari za kabati, waje watazame. Aliwakalisha, akawapa kahawa, na kabla ya kuiwasha aliwasimulia jinsi alivyoiogesha televisheni kwa sabuni ya mche. Waliangua kicheko, wakamwita Bi Sabuni, na Mzee Kabati hakutajwa tena. Kila nilipopita kusikiliza, maji yalikuwa yameongezeka moto na mlio wa valvu umekuwa mkubwa zaidi, na yeye akicheka nao, anafuta machozi kwa upindo wa khanga.