Juisi ya Shangazi Siku ya Mtihani

Jamani, chekeni kwanza mmalize, ndipo niendelee, maana aibu hii nimeibeba mpaka bega limeinama: mimi, mama mzima wa watoto wawili, mwanafunzi wa masomo ya jioni, nililewa kwenye mtihani wa kuwa mshauri nasaha wa walevi. Ndiyo, wa walevi.

Kilichonipeleka huko ni mdogo wangu, Nyemo. Yuko Mpwapwa, anaendesha bodaboda siku ambazo mikono haitetemeki. Zamani alikuwa akituchekesha nyumbani mpaka mama anamwaga uji, na Nyemo yule ninamkumbuka kama mtu aliyesafiri mbali, ingawa simu yake nikipiga inaita. Mara ya mwisho nilipomfuata kumsihi aache pombe, alinitazama akasema, "Dada, wewe wa kunisikiliza mimi una karatasi gani? Pata cheti, nitakuja kukaa mbele yako niongee mpaka uchoke."

Alikuwa anatania. Mimi kesho yake nikajiandikisha. Nikawa natoka kazini nanyoosha darasani, nasinzia mpaka paji la uso likashika alama ya dawati, na pale kwangu Miyuji nikaweka sebuleni viti viwili vinavyotazamana, kimoja changu, cha pili hakikaliwi na mtu (watoto wanajua, hata mchungaji akija anaelekezwa kwenye mkeka).

Basi asubuhi ya mtihani wa vitendo koo likanikauka kwa woga, na kwenye dirisha la jikoni kulikuwa na chupa kubwa ya juisi ya zabibu aliyonikamulia shangazi kutoka shambani kwake Zuzu. "Kunywa mwanangu, inaongeza damu," alisema. Ilikuwa imekaa juani wiki nzima, kwa sababu friji yangu siku hizi ni kabati la vyombo. Nilipofungua, kifuniko kikaruka pshhh, paka akahamia kwa jirani na hajarudi mpaka leo. Mwenye akili angejiuliza. Mimi nikasema hiyo ndiyo nguvu ya zabibu, nikanywa kikombe, nikajiona jasiri, nikaongeza kingine cha kuutunza ujasiri, nikapanda bodaboda na jua lile la Dodoma likanipikia tumboni kilichobaki.

Ukumbini wenzangu wamejaa nyuma, watahini mbele, na katikati jamaa mmoja mwigizaji aliyeletwa ajifanye mlevi, nami nimshauri watu wakiona. Nikaingia. "Shikamooni!" Nikasogea. "Shikamooni!" Nikafika mezani. "Shikamooni!"

"Marahaba," akasema mtahini mkuu, mama mmoja wa miwani. "Umeshatusalimia, mwanangu. Kaa."

Nikakaa. Tulifundishwa umwinamie mteja kidogo kuonyesha unamjali, nami nikainama, nikaendelea kuinama, bado kidogo nimwangukie mapajani. "Ndugu yangu," nikasema, "mara ya mwisho umekunywa lini?"

Yule jamaa akakunja pua, uigizaji wote ukamtoka. "Dada, samahani. Kati yetu hapa, mlevi ni nani?"

Ukumbi ukapasuka kwa kicheko, nafikiri hata Zuzu walisikia. Ningenyamaza ingekuwa nafuu, lakini wapi! Nikasimama kujitetea: "Mimi pombe sijaonja tangu nizaliwe! Hii ni juisi ya shangazi!"

"Wote huwa ni juisi," akasema yule mama, taratibu kabisa.

Nikataka kukaa, kiti sikukikuta, nikakaa sakafuni pwaa. Na huko chini, sijui ni zabibu au ni nini, nikamshika mwigizaji wa watu suruali nikaanza kulia: "Nyemo, njoo ukae basi! Kiti nimekuwekea, Nyemo, hakikaliwi na mtu!" Hapo hakucheka hata mmoja, na kimya kile kilinichoma kuliko kicheko. Nikatolewa nje nikapewa maji, nikaambiwa nitarudia.

Habari ilifika Mpwapwa kabla sijafika nyumbani. Jioni simu ikaita, Nyemo, ambaye huwa hapigi.

"Dada! Nasikia umepiga chupa ukaingia mtihanini!" Akacheka, kicheko kile kile cha kumwaga uji, nikabaki nimeibana simu sikioni, kicheko kisidondoke. Kisha akatulia. "Walikunusa?"

"Walininusa."

"Ulipotoka, wakasogeza viti usiwaguse?"

"Mstari mzima."

"Mh. Ulijisikiaje, dada?"

Swali lile ndilo nililofundishwa kuuliza, na hakuna aliyenifundisha kulijibu. Nikamjibu hivyo hivyo, naye akaanza kunieleza ya kwake, mpaka salio lake likakata.

Mtihani nilirudia, nikafaulu, cheti kipo ukutani. Nilimtumia Nyemo picha ya hicho cheti, akajibu, "Nakuja." Zabibu zilikuwa zinavunwa wakati ule, sasa watu wameshapogolea mizabibu. Nimeapa sinywi tena chupa yoyote inayonijibu nikiifungua, ila kuinuka kila bodaboda inapozima injini nje sijaweza kuapa.

Juzi ilizima moja, nikakimbia pekupeku mpaka mlangoni. Shangazi, na chupa nyingine. Nikampokea kwa heshima, juisi nikaenda kuimwaga nyuma ya nyumba nimeziba pua, na yeye nikamkaribisha kwenye mkeka.

"Miguu yangu hii, mwanangu! Na viti vile?"

"Keti kwenye changu, shangazi. Kile kina mwenyewe."