Macho ya Shangazi Kwenye Sahani Yangu

Harufu ya ndagala, yaani dagaa wa ziwani, wakikaangwa kwa mawese ilitufikia uani kabla hatujaitwa, nami nikasikia njaa na hofu pamoja. Nilikuwa na miaka tisa. Mapigano yalipokaribia kwetu Kanyosha, mama alinipeleka mtaa wa Nyakabiga kwa dada yake baba, shangazi Spesiyoza, kisha yeye akarudi kulinda nyumba na shamba. Shangazi hakunipiga hata siku moja. Alinipa godoro, akaniandikisha shule, na majirani wakamsifu kwa moyo wake. Lakini wakati wa kula alikaa mbele yangu, akaacha chakula chake kipoe ili anitazame. “Muangalie mukono ya huyu,” aliwaambia wanawe wawili kila nilipochota tonge, kwa sauti tulivu kabisa. “Mama yake alimutupa huku sababu ya hii tumbo.” Wanawe walicheka. Mimi nilimeza tonge bila kulitafuna. Wahenga walisema maneno makali hayavunji mfupa. Nadhani hawakuwahi kula kwa shangazi.

Jioni moja milio ya risasi ilisikika kutoka upande wa kwetu. Nilimwaza mama, nikashindwa kula. Shangazi akaitazama sahani iliyojaa, akanipapasa kichwa. “Leo umekuwa mutoto muzuri.” Hakuwahi kunigusa kwa upole kabla ya hapo. Tangu siku ile nikawa nawasogezea wanawe maharage yangu, nikingoja mkono ule. Mama aliponijia baada ya miezi minane, alinishika mabega yaliyobaki mifupa, akauliza kama chakula kilikuwa kimekosekana. Nilimjibu kuwa kilikuwepo kingi, na sikudanganya.

Vita viliisha, lakini mimi sikuacha. Chuoni nilijinyima mbele za watu, kisha nikajifungia chumbani nikila mikate hadi nikajichukia. Nilipokuwa mwalimu nilianguka mbele ya wanafunzi wangu, chaki mkononi. Muuguzi aliyenipokea hospitalini hakuniuliza nina uzito gani. Aliuliza, “Utotoni, kwenu mulikuwa munakula namna gani?” Nililia kabla sijajibu.

Mwaka jana shangazi alinitembelea, mzee sasa, akitembelea fimbo. Nilimpakulia wali, nikajipakulia na mimi. Alinitazama kwa huruma ya kweli. “Umekonda sana, mwanangu. Nani anakunyima kula?”

“Ni wewe, shangazi,” nilisema. “Kila siku, mbele ya watoto wako.”

Aliweka kijiko chini. “Mi nilikuwa natania tu,” alisema.

Siku hizi watu wa mtaa huu husema amani imerudi, nami nakubaliana nao: watoto wanakwenda shule, na barabara ya Kanyosha inapitika. Siku ile, mbele ya shangazi, nilikula hadi nusu ya wali wangu, na kwangu hiyo ni kazi kubwa.