Mitugutu ya Bibi Skola

Mwanangu, siku niliyoshika panga kule Mwamgongo naikumbuka kuliko miaka yangu yote ya shule, ambayo haikuwa mingi. Nilikuwa kijana nisiyetulia. Leo napakua mizigo bandarini Kigoma, kesho nabeba matofali Gungu, keshokutwa napanda boti kwenda kaskazini nikaone tu kukoje.

Ndivyo nilivyofika Mwamgongo, kijiji cha ziwani, na Mzee Lazaro akanipa kibarua cha kufyeka vichaka kati ya shamba lake na la jirani yake, Bibi Skola, mjane. Ilikuwa mitugutu, ile ya majani machungu na maua meupe yanayojaa nyuki. Mimi niliiona magugu. Nilikwisha kuangusha karibu nusu Bibi Skola alipokuja, akaketi chini mbele ya panga langu.

Shikamoo yangu hakuiitikia. Akaniuliza kama nimewahi kuona magugu yanayoota kwa kufuata mstari. Nikatazama, nikaona. Kule mpaka wa mashamba huwekwa kwa kupanda mitugutu, na ile aliipanda marehemu mumewe pamoja na baba yake Lazaro. Ikiisha, nani atajua shamba la mjane linaishia wapi?

Nikamwambia naacha kazi, naondoka na boti ya mchana.

"Uende wapi? Umekata, utapanda. Na utakaa hapa mpaka nione majani. Miguu ikikuwasha, ikune."

Nikachukua fito zilezile nilizokata, nikazichomeka kando ya visiki vyake, watu wakinitazama. Lazaro akapita akilalamika kwamba vijana wa siku hizi hawatumiki. Nikamjibu kwa adabu, "Mzee, mpaka nimeukuta, nami nitauacha."

Nikabaki, nikipalilia mihogo ya Bibi na kuchota maji ziwani. Fito zilipotoa majani, Bibi akaita majirani waje kuona, Lazaro akiwemo. Lazaro aliyatazama majani, kisha akachukua jembe na kulima upande wake.

"Sasa nenda," Bibi akaniambia.

Sikukatazi kutembea, mwanangu. Mimi mwenyewe bado natembea, na dunia ina mengi ya kuona. Lakini ukipewa panga, uliza nani alipanda, kabla hujauliza utalipwa nini. Na ukiharibu cha mtu, usikimbilie boti. Kaa mpaka kichipue, mwenyewe akuruhusu. Mungu akupe miguu ya kufika mbali, na kila utakapopita, akuachie watu watakaofurahi wakisikia umerudi.