Kanda za Saa Kumi

Wiki jana nilikuwa sokoni Othaya nikichagua ndizi, wimbo ukanipata nikiwa nimeinama. Ulitoka kwenye spika ya mtu anayeuza chaja na flash, karibu na akina mama wa viazi. Alikuwa yule mpiga gitaa wetu, mwanamume mmoja na gitaa lake moja, ambaye zamani kila nyumba ya huku milimani ilikuwa na kanda yake. Kabla sijatambua ni wimbo gani, nilikuwa nimeshaziacha ndizi. Nikamuuliza muuzaji kama ana albamu zake zote.

"Ati albamu? Mum, mimi niko na ngoma zake mingi, zote zimechanganywa. Niweke kwa flash ama kwa simu?"

Wewe uliyekulia huku utanielewa. Sisi hatukumjua kwa wimbo mmoja mmoja, tulimjua kwa kanda. Kulikuwa na ile ya kofia, kwa sababu kwenye jalada alivaa kofia pana, na hiyo ilikuwa ya harusi, ya kuchezesha mabega. Kulikuwa na ile ya koti, amesimama kwenye mvua, na hiyo ilikuwa ya polepole, ya mtu aliye mbali na kwao. Ya tatu ilikuwa na picha ya gari lake jipya, na mama alisema huyu sasa ameanza kuringa. Baba alizinunua zote kabla hajapata kazi ya ulinzi Mombasa, akatuachia pamoja na redio ya betri ya kuzichezea.

Nilikuwa kidato cha kwanza mtoto wa mwisho wa mama alipofariki, hata hajajifunza kucheka. Watu walikuja, wakazika, wakaomba, wakala, wakaenda zao. Mama akalala. Kuna siku aliamka akachuma chai kama wengine, na kuna siku nilimwacha asubuhi amegeukia ukuta, nikamkuta jioni amegeukia ukuta ule ule, uji umeganda kikombeni. Jirani yetu, mjane mwenye sauti ya kujaza kanisa, alimkuta mara moja amekaa kando ya mto, viatu amevua, na ilikuwa baridi ya Julai. Akamrudisha kwa mkono, kisha akanivuta kando.

"Mama yako amelemewa na mawazo. Usimwache peke yake sana, umesikia?"

Kesho yake ilikuwa Jumatatu, na shule haingoji mtu.

Basi niliogopa. Niliogopa kwamba siku moja nitarudi nimkute mama amekufa. Niliogopa kwenye hesabu, niliogopa kwenye kwaya, niliogopa nikila githeri ya shule yenye vijiwe vyake. Mwalimu wa Kiswahili alipoandika ubaoni kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu, wenzangu walinyoosha mikono kueleza maana. Mimi niliangalia dirishani nione jua limefika wapi.

Nyumba yetu ilikuwa bondeni. Ukifika kwenye banda la kupimia majani chai, kabla njia haijaanza kuteremka, ungeweza kusikia kinachoendelea kwetu. Hapo ndipo niliposimama kila siku mwendo wa saa kumi, nikazuia pumzi. Nikisikia ile ya kofia, nilishukuru nikaanza kuteremka, kwa maana mama ameamka, pengine hata ameweka chai motoni. Na mara nyingi, ukifikiria hali yake, gitaa lilikuwepo. Siku nyingine nilimkuta bado yuko chini ya blanketi na redio inaimba, nikajiambia kwamba amejilaza tu kidogo.

Sijui kama ningemaliza shule bila mpiga gitaa huyo. Niliosha sufuria naye, nikamenya viazi naye, nikakariri historia gitaa likinishikia mwendo. Ile ya koti niliicheza mwenyewe Jumapili mchana, nikiwa na nduma mkononi na moshi wa kuni mbichi machoni. Katika umri ule niliamini kabisa kwamba anayeimba namna ile lazima amewahi kusimama njiani akisikiliza kama kwao kuna mtu hai. Mtu mzima, mwenye gari, naye anaogopa kama mimi. Hilo lilinifariji kuliko mahubiri.

Kazi yangu kubwa ikawa betri. Nilizianika juu ya mawe, nikazigongagonga, nikazibadilisha mpangilio, kwa sababu redio ikizima mimi nitajuaje? Na jua la kwetu unalijua lilivyo wakati wa baridi. Linachungulia saa saba, halafu linajiendea.

Siku moja, nikiwa kidato cha tatu, nilifika bandani nikakuta kimya. Nilisikia mtu akipasua kuni ng'ambo ya bonde, nikasikia ng'ombe wa jirani. Gitaa hakuna. Nilitupa mkoba nikateremka mbio kati ya michai, nikaanguka, nikainuka. Katikati ya mteremko ndipo nilipoanza kusikia sauti ya mtu.

Mama alikuwa amesimama uani, sweta juu ya nguo ya kulalia, pekupeku kwenye tope. Hakuwa amenawa uso. Alikuwa ameshika nguzo ya ua kwa mikono miwili, akiimba wimbo wa kwanza wa ile kanda ya kofia kuelekea barabarani, wimbo wa harusi, kwa nguvu zake zote, na sauti ilikuwa imeanza kukwaruza.

"Betri zimekufa," akasema aliponiona. "Nikajua ukisimama pale bandani utaogopa."

Nilimshika. Alikuwa baridi kabisa. Ndipo nilipoelewa kwamba miaka yote hiyo, saa kumi ikikaribia, alijikokota kutoka kitandani akabonyeza redio, kisha akarudi kulala. Ni siku zipi aliamka kweli, na ni zipi aliamka kwa ajili yangu tu, sijui hadi leo. Tangu hapo sikusimama tena bandani. Nilishuka moja kwa moja, nikavua viatu, nikalala kando yake tukasikiliza wote, hata ile ya koti. Siku nyingine alilia. Siku nyingine alisema, "Huyu mtu anajua mambo." Jirani alimpeleka hospitali, wakampa dawa na mtu wa kuzungumza naye, akapona polepole sana.

Mama alituacha mwaka juzi, kwa uzee. Zile kanda ziliota ukungu. Nami siku hizi naishi Ruring'u, kwenye nyumba zilizobanana, na bado sijui jirani anasikiliza nini, kwa kuwa kila mtu amejizibia muziki wake masikioni. Binti yangu yuko kidato cha pili. Tangu mwezi uliopita akitoka shule anaingia chumbani na kufunga mlango, na hakuna kinachotoka humo ndani.

Siku ile nilipotoka sokoni niligonga mlango wake. Nikamuuliza kama yuko sawa.

"Niko poa, mum," akajibu upesi, kwa sauti ya furaha.

Nikakumbuka ile ya kofia, ikiimba na mama bado yuko chini ya blanketi. Nikaingia, nikavua viatu, nikalala kando yake, nikamwomba earphone moja. Akaitoa sikioni, akanipa. Tulisikiliza mpaka wimbo ulipoisha, na hapo ndipo alipoanza kuniambia yanayomsumbua.