Hambaka ya Gitaa la Baba

Gitaa la baba lilikuwa linavuma kama friji kuukuu. Ukiliunganisha na umeme wa kanisani kwetu Bungoma, mvumo unaanza kabla hujagusa uzi. Nililivumilia mpaka nikachoka, na mimi si mtu wa kuvumilia sana. Nikalipeleka Kitale kwa fundi. Baba nilienda naye, maana gitaa ni lake hata kama siku hizi nalipiga mimi.

Pikapu yake, yaani ile sumaku inayokaa chini ya nyuzi na kunasa sauti, ilikuwa ya koili moja. Fundi akashauri tuweke hambaka, ambayo ina koili mbili na huua mvumo. Alikuwa na hambaka kali na nyingine ya upole. Ile kali niliikataa papo hapo. Sisi hupiga kwa kidole gumba na cha shahada, alivyonifundisha baba, na hambaka kali humeza kazi ya vidole. Shida ikabaki mahali pa kuiweka, kwani mbao ikishachimbwa, imechimbwa.

Fundi aliunganisha waya kwa muda, akaishikilia hambaka juu ya nyuzi.

"Mzee, wewe piga tu, mimi nitakuwa naisogeza."

Alianzia nyuma, karibu na daraja, kule nyuzi zinakoishia. Sauti ilitoka nyembamba, safi. Ndiyo sauti ya baba, ile iliyonilea. Lakini uso wake haukubadilika. Masikio yake yamechoka, sauti za juu hazimfikii tena. Fundi akaisogeza kuelekea shingoni, sauti ikanenepa, na baba akacheka. Nilikuwa nimesahau anavyocheka.

"Chimba hapo hapo," nikamwambia fundi.

"Ngoja kwanza." Baba alilaza kiganja juu ya nyuzi. "Hapa nasikia vizuri. Lakini hii si ile yangu, ama?"

Nilimwambia kwa sauti kubwa kwamba yake ni ya kule nyuma, na hataisikia. Nilikuwa nimekasirika, sijui nimemkasirikia nani.

"Mama," akasema. Huniita hivyo kwa kuwa nina jina la mama yake. "Hiyo ya nyuma mimi naijua. Si ni wajukuu ndio hawajawahi kuisikia bila mvumo? Weka nyuma."

Fundi akachukua patasi.

Jumapili nilipiga. Baba alikaa kiti cha mbele, amegeuka, anatazama nyuso za wajukuu.