Kiatu cha Kushoto cha Baba Furaha

Mimi si mtu wa kuona mashetani. Kanisani kwetu wapo wanaoyaona kila Ijumaa, nami huwaangalia tu, nakaza kitenge changu. Kwa hiyo nikikuambia nilimwona marehemu mume wangu amekaa kwenye benchi, jua limeshatoka, nami nina akili zangu zote na mfuko wa nyanya mkononi, usinicheke. Lilitokea hapahapa Johannesburg, na nitalieleza lilivyokuwa.

Mume wangu alikuwa fundi wa kushona, mtu wa Uvira, kule Kongo. Watu walimwita Baba Furaha, kwa jina la binti yetu mkubwa. Tulipanga mtaa wa La Rochelle, na ndipo ninapokaa mpaka leo. Ukiniacha mimi, alipenda vitu viwili. Cha kwanza ni viatu vyake vya rangi mbili, kahawia na nyeupe, alivyovipiga dawa kila jioni hata kama hatoki. Cha pili ni bustani yenye ziwa, ukivuka tu roboti, zile taa za magari, kwenye barabara kubwa. Jumapili baada ya ibada alikwenda kukaa benchi lilelile na magwinya yake, haya maandazi ya huku, anakula na kuwarushia mabata.

Alipougua alituambia, "Msinisafirishe. Nichomeni, mnimwage kule kwa mabata."

Sasa niambie, Mkongo gani anaomba kuchomwa? Kwetu mtu huzikwa, watu wakatupa udongo, wakalia, wakala, wakarudi nyumbani. Nilidhani ni homa inayosema. Lakini aliyarudia maneno hayo mpaka siku ya mwisho, na njia za kwetu zilikuwa zimefungwa na vita. Maiti ingepita wapi? Tukamchoma. Viatu alivyokuwa amevalishwa tukarudishiwa.

Ndipo mdogo wake akapiga simu kutoka Uvira. Kaburi limeshachimbwa kando ya baba yao, alisema, majivu yaje. Kikao kikakaa sebuleni kwangu, wanaume wanaongea, mimi napika. Mwisho wakaamua kama watu wanaogawana shamba: nusu bustanini, nusu Uvira. Furaha akayagawa kwa kikombe ninachopimia mchele.

Nusu moja tukaimwaga ukingoni mwa maji, asubuhi, kabla watu hawajaja na majiko yao ya kuchoma nyama. Nusu ya pili nikaitia kwenye kopo la maziwa, nikaliweka kabatini juu ya viatu vyake, lingoje mtu wa kusafiri. Tena sikusikitika. Kila nilipozima taa nililiambia kopo habari za siku, kisha nikalala vizuri.

Kilichoanza kusumbua ni kiatu. Niliamka nikakuta cha kushoto kimelowa, soli imenasa majani. Cha kulia kikavu kabisa. Nikakifuta, nikakipiga dawa. Kesho yake vilevile. Nikamwita mjukuu wangu Neema, yule wa Furaha, ninayeishi naye. Yeye huniita Koko, yaani bibi.

"Nani anavaa viatu vya babu yako?"

"Eish, Koko, kimoja tu? Kwani mimi naruka kwa mguu mmoja?"

Nilimwambia afunge mdomo. Lakini maneno yake yalinikaa kichwani.

Jumamosi moja, baridi kali, nilitoka kununua nyanya. Wakati wa kurudi nikakata njia katikati ya bustani. Nyasi zilikuwa nyeupe, umande umeganda. Kwenye benchi lake alikuwa amekaa mtu wa suti, amenipa mgongo. Nilimjua. Mke hujua mgongo. Mguu wa kushoto una kiatu cha kahawia na nyeupe. Wa kulia ni mtupu, umekanyaga nyasi zilizoganda.

Unauliza kwa nini sikukimbia? Nimkimbie mume wangu? Nilikaa kando yake. Woga ulikuja baadaye, amini.

"Mama Furaha," akasema, akiwatazama mabata, "mguu huu unapata baridi."

"Wewe ulitaka hapa, ndugu yako anataka kule. Mimi ningefanya nini?"

Akacheka kile kicheko chake cha puani. "Nimekata vitambaa maisha yangu yote. Ulishaona nakata kitu nisikishone?"

Niliinama nimfunike ule mguu na kitenge, na mkono wangu wa kulia ukamgusa. Baridi yake si ya barafu. Ni kama kutia mkono kwenye nyumba iliyohamwa. Nilipoinua macho, hapakuwa na mtu, na kitenge kilikuwa kimelala bapa juu ya nyasi. Kutoka benchi mpaka kwenye maji kulikuwa na nyayo katika ule umande. Zote za kiatu kimoja, cha kushoto.

Nyumbani nilikaa kitandani nikiangaliana na kopo. Nikilimwaga, Uvira sina kwangu tena. Ukoo hautanipokea, na mimi nilitegemea kuzikwa kule, kando yake. Na jioni nitaongea na nani? Nilikaa mpaka chai ikapoa. Kisha nikampigia shemeji.

"Shemeji, lile kaburi lifukieni."

"Unamtupa kaka yangu kwa mabata?"

"Mabata aliwachagua mwenyewe."

Akakata simu.

Nikachukua kopo na kile kiatu cha kulia, cha kushoto nikakiacha kabatini, nikarudi bustanini. Niliyamwaga majivu palepale tulipomwaga ya kwanza. Nikamwita kwa jina lake lote, kama kwetu tunavyomwita mtu aliyelazwa kaburini, nikamwambia nyumbani hakuna kilichobaki cha kufuata. Kiatu nikakiacha chini ya benchi.

Niliporudi, mlango ulikuwa umefungwa nilivyoufunga, na Neema alikuwa kwaya tangu asubuhi. Kabatini, mahali pa kiatu cha kushoto palikuwa patupu. Chumba kizima kilinukia dawa ya viatu, mbichi, kama mtu ametoka kuvipiga sasa hivi.

Tangu siku ile mkono wangu wa kulia haupati joto. Nauweka karibu na jiko, nauvalisha soksi, wapi. Neema akishikwa na homa huja mwenyewe kuutafuta, anauweka kwenye paji la uso, analala. Shemeji hajapiga simu tena. Kwake mimi nimeshakufa. Sawa. Nimeshamwambia Furaha nami anilaze wapi, na kwamba kikombe cha mchele kibaki jikoni.

Nawe unayesoma, ukifiwa, mzike au mchome, hayo ni yenu. Lakini mtu mmoja mpe mahali pamoja. Usimbakize kabatini kwa kuwa unaogopa nyumba kuwa kimya. Atakufuata kudai mguu wake, na atakuja mchana, jua linawaka, ili usije ukasema uliota.