Kompyuta Iliyonyamaza katika Chumba cha Chanjo

Pale zahanati walimwita Mama Barafu, maana friji ya chanjo aliilinda kuliko simu yake. Kipimajoto cha mlangoni mwa friji kilikuwa kimekufa, hivyo iliunganishwa na kompyuta kuukuu yenye programu ya kupima joto. Joto likizidi, inapiga mlio na kutoa onyo pembeni mwa skrini. Ila ilikuwa nzito mno. Unaiwasha, unafagia, unapiga deki, bado inawaza.

Mdogo wake, fundi kompyuta, akaja kuitazama. Akamweleza kwamba kinachokula kumbukumbu ni sura ya Windows yenyewe: menyu, mapambo, ule mstari wa chini wenye saa. Angeiondoa, aweke nyingine nyepesi.

"Haitaharibu kitu?"

"Dada, ni kumvua mtu koti tu. Mwili uko palepale."

Kweli, ikawaka kufumba na kufumbua. Skrini ilikuwa nyeusi, ina vitufe vichache tu. Wauguzi wakamsifu fundi. Mama Barafu naye alifurahi, ila siku zilizofuata kuna kitu kilimkaa vibaya moyoni, asijue nini. Hata mlango wa friji ulipochelewa kufungwa, chumba kilikuwa kimya. Akajiambia ni mashaka yake tu, akaendelea kuchanja.

Asubuhi moja, akina mama wamejaa kwenye benchi na watoto wao, alitia mkono ndani ya friji akakuta vichupa vya chanjo vuguvugu.

Fundi alikuja mbio. Alibonyeza, akatazama, kisha akaeleza. Ile programu ya kupima joto ilikuwa ikiamshwa na ile sura ya zamani. Tangu aiondoe, haikuwaka hata mara moja. Friji ilianza kufa lini, hakuna aliyejua.

"Watoto wa wiki hii," Mama Barafu alisema, "labda nimewachoma maji matupu, mdogo wangu."

Alikwenda kwa daktari wa zahanati bila kumtaja ndugu yake. Ndugu akamfuata, akasema ni yeye. Daktari hakugomba, aliagiza watoto waitwe wachanjwe upya.

Walirudi mmoja mmoja, isipokuwa mtoto mmoja wa chanjo ya surua, ambaye mama yake alikuwa amehama, na simu yake haipatikani. Baadaye surua ikasikika mtaa wa pili. Mama Barafu anapiga ile namba kila asubuhi, kabla hajavaa koti la kazi.